Bastille 1789: umwagaji damu ulianzaje?

Muulizaji: Ndugu zangu, watu waliokwenda Bastille, ngome iliyotumika kama gereza mjini Paris, tarehe 14 Julai 1789 walitaka baruti, ilikuwaje basi siku hiyo ikaisha kwa kichwa cha gavana wa ngome hiyo kuchomekwa juu ya mkuki?

Mchangiaji wa kwanza: Hofu ndiyo chanzo, ndugu. Mfalme Louis XVI alikuwa amemfukuza Necker, waziri wa fedha aliyependwa na watu, tarehe 11 Julai, huku majeshi yakikusanyika kuizunguka Paris na mkate ukiwa ghali mno. Asubuhi ile umati ulitwaa maelfu ya bunduki pale Invalides, makao ya wanajeshi wastaafu, lakini baruti ilikuwa imehamishiwa Bastille, na mazungumzo na gavana de Launay yakakokota kwa saa kadhaa bila mafanikio.

Mchangiaji wa pili: Naongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito zaidi. Washambuliaji wenyewe walikata minyororo ya daraja la ua wa nje, ila waliokuwa nyuma waliamini kwamba gavana amelishusha makusudi ili awavute ndani na kuwapiga risasi. Watu wapatao 98 walikufa upande wao, na de Launay, aliyesalimu amri jioni, aliuawa karibu na ukumbi wa jiji. Wafungwa waliokutwa ndani walikuwa 7 tu.

Muulizaji: Nashukuru sana, suala la daraja sikulijua kabisa.