Siku ya Lava Tower wakati wa vuli: tujiandae vipi?

MkaziWaRau
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na wenzangu wa kazini hapa Moshi tunajiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, tukiomba Mungu tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Kinachonisumbua zaidi ni siku ya tatu, ile ya kutoka kambi ya Shira hadi kambi ya Barranco kupitia Lava Tower, ule mnara wa mwamba wa volkano, kwa sababu waliotutangulia wanaisimulia kila mmoja kivyake: mmoja aliunguzwa na jua, mwingine alipigwa na mvua ya mawe, na wa tatu anasema hakuona kitu ila ukungu. Naomba kujua mtu avae nini, abebe nini mwenyewe, na hema lisimamishwe vipi.

KibosoJuu
Mdogo wangu, wote watatu wamekwambia kweli, na yote hayo yanaweza kutokea kati ya asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo. Shira iko karibu mita 3,840, na asubuhi mara nyingi huwa kweupe kabisa. Jua likishapasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, hupoa kadiri inavyopanda, na kufikia saa tano au saa sita wingu linakuwa limewakuta njiani. Lava Tower iko karibu mita 4,600. Kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 6 kila mnapopanda mita 1,000, kinachonyesha kama mvua huku chini, kule juu huweza kuanguka kama mawe au theluji. Ondokeni kambini mapema, saa moja na nusu hivi, bila kuharakisha mwendo.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni hili: wagumu wanaobeba mizigo yenu mikubwa huwapita asubuhi, na kwa kawaida hushika njia ya chini inayokwenda Barranco moja kwa moja. Begi lako kubwa hutaliona tena hadi kambini. Kwa hiyo koti la mvua, suruali ya mvua, glavu, kofia ya sufu, maji na chakula cha mchana ni lazima viwe mgongoni kwako, na koti liwe juu kabisa, mahali ambapo mkono uliokufa ganzi unaweza kulivuta. Livae matone ya kwanza yanapoanguka, kwa maana shati likishalowa, koti litafunika ubaridi tu. Jinzi na fulana za pamba ziacheni nyumbani. Nendeni Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, mkatafute sweta za sufu na nguo za mazoezi zinazokauka upesi.

MuuguziPasua
Shikamoo, kaka KibosoJuu. Naomba niongeze upande wa afya. Kuumwa kichwa kidogo pale Lava Tower ni jambo la kawaida, na watu wengi hupata nafuu wakishateremka Barranco, ambako ni karibu mita 3,960. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea kwa shida au kutetemeka bila kukoma, asiachwe apumzike peke yake kwenye jiwe, hata akisema yuko sawa. Iwe ni baridi imemwingia mwilini au ni hewa nyembamba, mvisheni nguo kavu na mteremke naye mara moja.

KibosoJuu
Marahaba, dada, umesema vyema. Kuhusu hema: Barranco msilisimamishe kwenye mkondo ambao maji yamekwisha kuuchimba, hata kama udongo wake ni laini na unavutia. Usiku hewa baridi huteremka kutoka kilele cha Kibo, hivyo mlango uelekee upande wa chini wa bonde. Turubai la nje lisigusane na kitambaa cha ndani, na tundu la hewa liachwe wazi kidogo, la sivyo pumzi zenu zitageuka matone na kuwadondokea alfajiri. Kila mtu awe na nguo kavu za kulalia, soksi zikiwemo, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na asizivae kutembelea kwa sababu yoyote. Kesho yake vaeni zilezile za kutembelea za jana, zenye unyevu. Zitakaukia mwilini mkipanda ukuta wa Barranco.

MkaziWaRau
Nawashukuru sana. Swali la mwisho: mwenzetu mmoja akizidiwa kabla ya kufika Lava Tower, itabidi sote tugeuke?

KibosoJuu
Hapana. Mwambieni kiongozi mapema, kabla hamjafika njia panda, naye atampa msaidizi wake ampitishe njia ya chini hadi Barranco. Mtakutana kambini jioni.