Koti la manyoya la mama yangu: nimeunguza mgongo, naomba msaada

Mshonaji Njombe

Kamwene wadau. Nashonea nyumbani kwa cherehani ya miguu, mwaka wa nane sasa. Sare za shule, magauni ya vitenge, mashuka. Koti la manyoya bandia sijawahi kushona.

Mama yangu yuko Luponde, amechuma chai miaka mingi. Ikifika Juni baridi inamkaa kifuani, asubuhi hatoki jikoni. Mwaka jana kanisani alimwona mwenzake na koti la manyoya, akalipapasa mkono, akaniambia, "Hili ningelala nalo." Mama hajawahi kuniomba nguo hata siku moja. Nikaagiza Kariakoo mita 3 za kitambaa cha manyoya, rangi ya kahawia, upana sentimita 150, manyoya marefu kama pingili ya kidole gumba.

Nimekata mgongo na mkono wa kushoto kwa mkasi, kama ninavyokata kitenge. Manyoya yalijaa chumba kizima, mwanangu akakohoa usiku kucha. Nikajaribu kushona vipande viwili vya masalia: cherehani inaruka mishono, na kitambaa cha chini kinakimbia kuliko cha juu. Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi. Mgongoni palikuwa na mkunjo, nikapitisha pasi. Manyoya yameyeyuka yakagandamana, sehemu ya ukubwa wa kiganja, karibu na bega la kulia.

Nimebakiwa na kama mita 1.8. Humo zitoke mbele mbili, mkono wa kulia na kola. Mgongo mwingine hautoshi. Je, huu naweza kuuokoa? Na mkono niliokata kwa mkasi niutupe?

Fundi Ngarenaro

Pole sana dada. Usitupe chochote. Nashona manyoya hapa Arusha tangu 1998, na mgongo ulioungua nimeshaurudisha zaidi ya mara moja.

Geuza mgongo, manyoya yalale chini, wewe uone kitambaa kilichoyashika. Chora mstatili kuzunguka palipoungua, ukate kwa wembe. Weka mstatili huo juu ya masalia, kwa nyuma vilevile, ukate kiraka cha kipimo kilekile bila kuongeza nafasi ya mshono. Hakikisha manyoya ya kiraka yanalala upande mmoja na ya mgongo. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kiraka kinaonekana kwa mbali kama doa. Kisha pakanisha kingo kwa kingo, shona kwa mkono, sindano ikizungukia kingo zote mbili, mishono midogo ya karibu karibu. Usipandishe kingo moja juu ya nyingine. Ukimaliza geuza, chana kwa kitana. Mshono utafunikwa.

Kuhusu mkono: pitisha kiganja uone manyoya yanalala kuelekea wapi. Kama yanaelekea kiganjani, huo mkono ni mzima. Mkasi umekata ncha za manyoya yaliyokuwa yanavuka ukingo wa chini, na huo utaukunja ndani kwa pindo la sentimita 4. Kule begani manyoya yanalala kuukimbia ukingo, kwa hiyo hayakuguswa sana. Pembeni ni mshono wa kwapani, nani atapaona?

Vipande vilivyobaki usivikate kwa mkasi mzima mzima. Chora kwa nyuma, kitambaa kimoja kimoja, usikikunje. Kipande cha kushoto ukishakichora, pindua karatasi ya kipimo unayochorea ndipo uchore cha kulia, la sivyo utapata mbele mbili za upande mmoja. Manyoya yote yaelekee chini, ili mvua iteremke nayo. Katia wembe kwenye kitambaa tu, kisha vuta vipande viachane. Manyoya yatatengana yenyewe bila kukatika. Katia nje, funga kanga puani, na kung'uta kila kipande kabla hujaingia nacho ndani. Kwa mama mwenye kifua hili ni la lazima.

Mishono inaruka kwa sababu ya sindano. Weka namba 16 mpya, mshono urefushe milimita 3 hadi 4, na legeza skrubu inayokandamiza mguu wa cherehani, ule mdogo unaobana kitambaa kwenye sindano. Usitegemee pini, zinapotelea humo. Piga bandi kwanza, yaani shikiza kwa mkono kwa mishono mirefu, huku ukisukumia manyoya ndani kwa ncha ya mkasi. Baada ya kushona, nyoa manyoya yaliyo kwenye nafasi ya mshono, kisha upande wa nje chomoa kwa sindano nene yale yaliyobanwa. Hatua hii inachosha mikono, usiiruke. Koti lisilochomolewa linaonyesha kila mshono kama kovu.

Pasi usiiguse tena. Manyoya haya mengi ni akriliki, nyuzi za plastiki, moto hayauwezi.

Bitana Edmonton

Niongezee kwenye maelezo ya fundi. Niko Kanada, koti langu la kwanza nilishona likiwa zuri kwa macho, nikatoka nalo Januari upepo ukapita moja kwa moja. Kitambaa kinachoshika manyoya kimefumwa kama fulana, hakizuii upepo. Kati ya manyoya na bitana weka kitambaa kingine kilichobanana, hata shuka zito la pamba. Bitana yenyewe iwe ya kuteleza ili mama avae kwa urahisi juu ya sweta, na katikati ya mgongo iachie mkunjo wa sentimita 3, isije ikachanika akiinama.

Vifungo sipendekezi, matundu yake ni kazi. Zipu inakula manyoya. Tumia kulabu kubwa.

Fundi Ngarenaro

Naunga mkono kulabu. Lakini mama huyu ni wa kuchuma chai, vidole vyake asubuhi ya baridi ni vigumu. Kulabu nne, si nane. Na begani, kabla ya kufunga mshono, shonea utepe wa pamba. Koti hili ni zito, bega litarefuka.

Mshonaji Njombe

Shikamoo fundi, na asante dada wa Kanada. Nimerudi baada ya siku mbili. Kiraka kimeingia. Nimemwita jirani, nikamwambia atafute palipoungua, akapapasa mgongo wote akaonyesha bega la kushoto. Mkono pia ni mzima, manyoya yanaelekea kiganjani.

Mbele zote mbili nimekatia uani kwa wembe, hakuna kilichoruka. Kola nimeiacha kwanza. Jumamosi mama anakuja mjini, nataka nimpime shingo akiwa amevaa sweta lake la kila siku, ndipo nikate.

Bitana Edmonton

Mpime akiwa na kilemba pia, kama hufunga.