Wakili akitumia akili mnemba kwenye kesi yako, akuambie au asikuambie?

Mdau wa Ilala
Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Mwaka 2023 kule New York mawakili wawili walimpelekea Jaji Castel kesi za rejea zilizotungwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba. Mteja wao alikuwa analidai shirika la ndege la Avianca, akisema aliumizwa goti na toroli la kuhudumia abiria ndani ya ndege. Mawakili wa shirika wakazitafuta zile kesi, hazipo. Jaji akataka nakala za hukumu. Badala ya kusema ukweli wakapeleka nakala, nazo zimetungwa na mashine ileile! Faini dola 5,000. Juni 2025 mahakama ya London ikaonya kwamba wakili wa namna hiyo anaweza hata kushtakiwa kwa kudharau mahakama.
Msimamo wangu: wakili akitaka kutumia hiyo kitu kwenye kesi yangu, aniambie kwanza nami nikubali kwa maandishi. La sivyo asiguse. Mnasemaje?

Wakili Arusha
Nakataa. Karani akinichapia hati ya madai, huwa nakuomba ruhusa? Jina na saini ni vyangu, nitabeba mwenyewe. Kosa la New York ni kutosoma walichopeleka, basi. Hapa kwetu TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ni bure, ukiwa na namba ya hukumu ya TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu) unaihakiki muda huohuo. Asiyefanya hivyo ni mvivu, na wavivu walikuwepo kabla ya kompyuta.

Kijana wa Mbagala
Kuhakiki? Nyinyi? Law School, chuo cha kuandaa mawakili, mwaka 2022 wamefaulu 26 kati ya mia sita na kitu, leo mnatuambia mtahakiki. Mtu mtihani umemshinda, ataijua kesi ya kutunga na ya kweli?

Neema wa Sinza
Kaka wa Mbagala, hiyo 26 mnaitumia kama fimbo na hamjawahi kuisoma. Walikuwa 633. Waliofaulu mkupuo wa kwanza ndio 26, wengine 342 walipewa nafasi ya kurudia baadhi ya masomo. Kelele zikawa kubwa mpaka Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Kuna watu waliuza viwanja vya wazazi wao kulipa ada ya pale. Usiwataje ovyo.

Kijana wa Mbagala
Sijamtukana mtu, nimetaja namba. Na 265 waliobaki mbona umewaruka?

Neema wa Sinza
Walifeli. Haya, nimesema. Sasa niambie wewe, wakili mzee mwenye ofisi anapomtupia faili mwanafunzi wa mazoezi jioni, kesho asubuhi anataka hoja za maandishi, unadhani yule mtoto atafanyaje? Nenda kasome kesi ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Januari 2025. Kazi ya kutafuta kesi alipewa wakili mwanafunzi, kesi nyingi alizoleta hazikupatikana popote. Wakubwa ndio wanaosaini, na wakubwa ndio hawasomi.

Otieno wa Kisumu
Hata huku Kenya ni hivyo hivyo, watu wanaurudia mtihani wa uwakili hadi wanachoka. Lakini mtu kufeli mtihani na mtu kudanganya korti ni mambo mawili, jameni.

Mama Chausiku, Tanga
Wanangu, naomba mnisikilize na mimi, maana mnaongelea mitihani. Nina shauri la mirathi. Nilimpa wakili wangu wosia wa marehemu, vyeti na barua za ukoo zenye mambo ambayo hata wifi zangu hawayajui. Siku moja kijana wa ofisini kwake akaniambia kwa furaha kabisa, "Mama, tumeiingiza kwenye akili mnemba, imesema kesi yako ni nzuri." Akanionyesha kwenye simu yake. Yake mwenyewe! Siri ya nyumba yangu iko kwenye simu ya kijana na kwenye hiyo mashine ya Wamarekani. Nani aliwaruhusu?

Wakili Arusha
Shikamoo mama, pole sana. Ila naomba watu wasiichukue ofisi moja wakatupaka wote. Mimi huwa natoa majina na namba za viwanja kabla ya kuandika chochote.

Mdau wa Ilala
Mkuu, sasa hapo huoni umekubaliana na mimi? Umetoa majina kwa sababu unajua si sawa na karani. Karani wako amefungwa na siri ya mteja kama wewe. Ile kampuni haijafungwa na chochote kwa Mama Chausiku.

Wakili Arusha
Sijakubaliana na wewe. Tahadhari ni yangu, ridhaa ya maandishi ni urasimu wako. Mahakama yenyewe ina mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri. Wanamuomba kila mdaawa asaini?

Kijana wa Mbagala
Na bei je? Hoja ambayo zamani uliisumbukia wiki nzima sasa ni nusu saa. Mbona ada iko palepale?

Wakili Arusha
Unalipia kichwa changu, hulipii vidole vyangu.

Kijana wa Mbagala
Kichwa kipi, cha mkupuo wa kwanza au cha kurudia?

Neema wa Sinza
Umerudi tena kulekule!! Watu kama wewe ndio mnaokimbilia vishoka, wale mawakili bandia, pale nje ya mahakama, mkiliwa hela mnalia mawakili wezi.

Mzee Rukwa
Mnagombana wenye uwezo. Huku kwetu mtu ana kesi ya shamba na wakili hana. Mjukuu akimwandikia majibu kwa hiyo ChatGPT mtamfunga?

Otieno wa Kisumu
Mzee, hiyo ina hatari yake. Kesi moja kati ya zile zilizofanya mahakama ya London itoe onyo, aliyetafuta hizo rejea ni mteja mwenyewe, wakili akazichukua vile zilivyo. Zilitajwa 45, na 18 hazikuwepo duniani. Jaji Victoria Sharp alimkalia wakili kooni, kwa sababu ni yeye alipaswa kukagua. Mtu asiye na wakili, nani atamkagulia?

Mzee Rukwa
Basi wasaidizi wa kisheria wafundishwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, iwekwe na hilo.

Mama Chausiku, Tanga
Wanangu, swali langu hamjalijibu.

Mdau wa Ilala
Mama, samahani, tumekuacha. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, na malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa upande wa maadili, nenda Kamati ya Mawakili. Ila anza na barua kwa wakili wako: nini kiliingizwa, kwenye programu gani, kwa akaunti ya nani, na kifutwe. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mama Chausiku, Tanga
Na akiniudhikia akaniachia kesi katikati?

Neema wa Sinza
Mama, hawezi tu kukuacha hewani, lazima mahakama ijue. Njoo pembeni nikusaidie kuiandika hiyo barua. Kwa mkono.