Jina langu halimo kwenye cheti cha mtoto: nianzie wapi?

Muulizaji:
Habari zenu, ndugu zangu. Nina mtoto wa miezi minane ambaye mama yake na mimi hatukufunga ndoa, na sasa hatuishi pamoja. Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba, ingawa mama hajawahi kukana kwamba mtoto ni wangu. Juzi alinidokeza kuwa anakusudia kuhamia mbali. Je, kipimo cha DNA kikithibitisha kuwa mimi ndiye baba, nitakuwa tayari nina haki ya kushiriki malezi?

Jibu la kwanza:
Hapana, ndugu yangu. Kipimo huthibitisha damu, basi. Kuwa mzazi kwa damu, kutambuliwa na sheria kuwa baba, na kuwa na kauli katika malezi ni mambo matatu tofauti. Katika sheria za nchi nyingi, mtoto akizaliwa ndani ya ndoa mume huchukuliwa kuwa ndiye baba. Asiyeoa hana dhana hiyo ya kumbeba, hivyo hana budi kuchukua hatua mwenyewe. Kwa kuwa mama hakatai, njia fupi ni nyinyi wawili kwenda kwa msajili wa vizazi na kutia saini hati ya kukiri ubaba. Ila kama una shaka hata chembe, pima kabla ya kusaini, kwa sababu kuitengua hati hiyo baadaye ni kazi ngumu.

Jina likishaingia, matokeo yake hutegemea nchi. Katika Uingereza na Wales, baba aliyesajiliwa pamoja na mama tangu tarehe 1 Desemba 2003 hupata mamlaka ya mzazi papo hapo. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kwingineko unaweza kujikuta unadaiwa matunzo huku suala la malezi likisubiri amri ya mahakama.

Jibu la pili:
Naafiki, ila kinachonitia hofu ni huko kuhama. Usingoje usajili ukamilike: mwone wakili sasa, uulize kama mahakama inaweza kutoa zuio la muda. Na ubishani ukitokea, vipimo vya kujichukulia nyumbani kwa kawaida havitakusaidia, kwa kuwa mahakama hutaka sampuli ichukuliwe na mtu asiye na upande, aliyehakikisha vitambulisho vya wote.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Je, nisitishe matunzo mpaka niruhusiwe kumwona?

Jibu la pili:
Usithubutu. Matunzo ni haki ya mtoto, si nauli ya kwenda kumwona, na mahakama huyatazama mambo hayo mawili mbalimbali. Endelea kutuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, kwa maana fedha taslimu za mkononi utashindwa kuzithibitisha siku utakapoulizwa.