Naomba ushauri: bwawa la Kinjeketile nalionyeshaje jukwaani?

Habari zenu wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Nasoma sanaa za maonyesho chuo kikuu, mwaka wa pili, hapa Dar. Kundi letu limepangiwa tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, na mimi nimeangukia usanifu wa jukwaa. Historia naimudu: vita vya Maji Maji, 1905, kijiji cha Ngarambe, imani ya dawa ya maji kugeuza risasi kuwa maji. Kilichonishinda ni pale mganga Kinjeketile anapochukuliwa majini na Hongo, yule pepo, kisha kuibuka.

Ukumbi wetu ni darasa tu, taa mbili, pazia hakuna. Bajeti ni shilingi 80,000, na humo humo kuna kaniki za waigizaji. Nilijaribu kitambaa cha bluu, watu wawili wakikitikisa huku na huku. Wenzangu wakacheka, eti shuka limeanikwa kwenye upepo. Kweli lilifanana. Nikaweka beseni la maji mbele ya taa ili mwanga ucheze ukutani; hapo palipendeza, ila safu ya tatu kwenda nyuma hawaoni kitu. Maji yenyewe kumwaga ni marufuku, sakafu ina nyaya.

Mwalimu anasema nitumie miili ya waigizaji na ngoma, niachane na vitambaa. Sijaelewa miili inakuwaje maji.

Naomba kujua: waliowahi kuonyesha maji kwa waigizaji peke yao, mliwapanga vipi? Na mwanga ule wa beseni, naukuzaje bila kununua taa nyingine? Onyesho ni wiki tatu zijazo.