Nijitolee wapi kwa chumba: shamba la Sabaki au la Hindi, Lamu?

jembe_jipya
Wadau salaam. Naomba ushauri wa haraka manake mwisho wa mwezi huu natakiwa niwe nimejibu. Nimepata familia mbili zenye mashamba ya kufufua udongo, yaani hawalimi kwa trekta, hawapigi dawa, ni matandazo (nyasi na majani ya kufunika udongo) na samadi mwanzo mwisho, na zote zinataka mtu wa kujitolea shambani halafu wao wampe pa kulala. Ya kwanza iko ng'ambo ya daraja la Sabaki ukitoka Malindi kama unaenda Mambrui, wana mboga, migomba na kuku. Ya pili iko Hindi, Lamu bara, shamba kubwa kidogo, mikorosho, simsim, mbaazi na mbuzi. Nilifikiria pia kupanga chumba Malindi mjini niwe naenda vibarua vya shamba huku nikijifunza mdogomdogo. Nataka siku moja nianze shamba la kwetu ambalo limelala. Ipi afadhali?

mama_mbaazi
Mwanangu umeandika mengi na umeacha yale yenyewe. Chakula ni chao au chako? Saa ngapi kwa siku? Kwa muda gani? Na wewe ni msichana au mvulana, usininunie, huku kwetu hilo swali lina uzito wake.

fundi_pampu
Na maji wanatoa wapi? Mashamba yote ya pwani yanaanzia hapo na yanaishia hapo.

sabaki_chini
Njoo Sabaki bila kufikiria mara mbili. Udongo wetu ni tope linaloletwa na mto, si mchanga kama wa huko kwingine, mboga ukizipanda zinashindana kutoka. Hindi utaenda kuumwa na mbu tu.

mwanaAmu
Mbu wa Sabaki wako likizo sio 😂 Na hilo tope unalojisifia ni udongo wa watu wa bara. Mto unaanzia juu huko Nairobi ukiitwa Athi, unashuka ukiitwa Galana, ukifika kwenu ushabeba mashamba ya watu wote, ndio maana mvua zikinyesha bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai. Mtu anayetaka kujifunza kufufua udongo aende mahali udongo umechoka, akija kwenye tope la bure atajifunza nini?

sabaki_chini
Atajifunza kuvuna 😀

jembe_jipya
Haya majibu. Mimi ni msichana, nimemaliza cheti cha kilimo. Sabaki wanatoa chakula mara tatu, saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, na wanataka nikae angalau miezi mitatu. Hindi ni chumba tu, chakula najitegemea ila naruhusiwa kuchuma shambani, masaa hawakutaja, mama mwenye shamba alisema "tutaelewana". Maji Sabaki ni kisima na pampu ya sola. Hindi sijauliza.

kaskazi_kali
Nilikuwa napita tu lakini hilo neno "tutaelewana" limenifanya nikae chini niandike. Dada, mimi nilijitolea shamba moja hapahapa pwani, sitataja ni wapi wala ni la nani. Niliahidiwa chumba, kufika nikakuta ni stoo, nusu magunia ya pumba nusu kitanda, na usiku panya wanapita juu ya chandarua. Nikasema sawa, kijana sio lazima alale hotelini. Kazi ikaanza vizuri, asubuhi kumwagilia na kuweka matandazo, saa tano niko huru. Halafu ikaja "hebu nisaidie kupeleka mchicha sokoni mara moja", mara moja ikawa kila Jumanne na Ijumaa, halafu watoto wao wafundishwe hesabu jioni manake mimi nimesoma, halafu mwenyewe na mkewe wakasafiri kwenda harusi wakaniachia shamba zima, mbuzi, mbwa na bibi mzee asiyeona vizuri. Mbuzi mmoja akala sijui nini akafura tumbo akafa. Wakarudi, hata pole hakuna, nikaulizwa nitamlipaje huyo mbuzi!! Kumlipa kwa nini wakati sina mshahara? Nikapata malaria nikalala, nikahesabiwa siku nilizolala kwamba nitazifidia.

Na sijafika kwenye kilimo chenyewe. Wageni wakija wanapelekwa kwenye lundo la mboji karibu na geti, wanaelezwa hapa tunarudisha uhai wa ardhi, wanapiga picha. Lundo hilo wallahi sikuwahi kuona hata toroli moja ikitoka pale kwenda shambani. Nyanya zilikuwa zinapigwa dawa jioni giza likiingia, na mimi ndiye niliyebebeshwa pampu mgongoni, bila glavu. Nauli ya kurudi nyumbani nilitumiwa na dadangu. Kwa hiyo ukisikia tutaelewana, jua wao washaelewana tayari, bado wewe.

mama_mbaazi
Pole sana. Hiyo ya mbuzi imeniudhi.

mzee_mnazi
Pole kijana, lakini si kila nyumba iko hivyo. Kuna watu wakisema tutaelewana wanamaanisha hivyohivyo, ukifika unakuwa mtoto wa nyumba, wakila unakula. Ukienda kwa mtu na orodha ya masaa atakuona umekuja kwa ofisi.

wakili_wa_mtaani
Mzee wangu heshima yako, lakini ndio vile watu wanafanywa punda. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na hata kibarua akifanya mfululizo kufikia mwezi mzima hahesabiwi tena kama kibarua wa siku. Sasa ujanja uko hapa, sheria hiyo inamhesabu mwajiriwa kuwa mtu anayelipwa ujira. Wewe unapewa chumba na ugali, huna ujira, kwa hiyo mwenye shamba atasema huyu ni mgeni wangu alikuwa ananisaidia tu. Ndiyo maana wewe zaidi ya mwajiriwa unahitaji karatasi. Si lazima wakili, ukurasa mmoja tu: masaa, siku ya mapumziko, chakula, nani anagharimia hospitali ukijikata na panga, na nauli ya kuondoka. Mkisaini wawili, mmoja akae nayo kila upande.

mzee_mnazi
Karatasi na mtu anayekulisha. Haya.

wakili_wa_mtaani
Huyo kaskazi_kali alilishwa pia mzee.

mwanaAmu
Hii biashara ya kujitolea kwa chumba si ngeni. WWOOF, ule mtandao wa kujitolea kwenye mashamba yasiyotumia kemikali, ilianza Uingereza 1971, watu wa London walikuwa wanaenda mashambani wikendi kusaidia na kulala huko. Zile saa nne tano za kazi zimekuwa kama kawaida kwenye mitandao ya namna hiyo, kwa hiyo Sabaki hawajakufanyia hisani, wamekupa kiwango. Hindi nao waulize wazi tu, mama wa huku ukimuuliza kwa adabu hatokasirika. Na kama utaangukia Ramadhani uliza ratiba, manake kazi zinahamia alfajiri na mchana watu wanapumzika, ni wakati mzuri sana wa kujifunza ukiwa tayari kuamka.

sabaki_chini
Na usalama je? Tusizunguke. Mashambulizi ya Mpeketoni 2014 tunayakumbuka sote na Hindi yenyewe haikupona mwaka huohuo. Msichana peke yake umpeleke huko?

mwanaAmu
Nilikuwa naingoja hii. Watu wamelima Hindi miaka yote hiyo, wanaoa, wanazaa, wanajenga, na tangu bandari ya Lamu ifunguliwe 2021 viwanja vinapanda bei, wewe bado umekwama 2014. Barabara ya Garsen hadi Witu hadi Lamu ni lami sasa. Ni kweli kuna vizuizi vya ukaguzi ndiani, beba kitambulisho, safiri mchana, basi. Wewe nao tuambie 2023 ile El Niño mashamba ya kando ya mto yalikuwa wapi? Yalikuwa chini ya mto. Na 2024 tena. Viboko je, wanakula mboga au hawali?

sabaki_chini
Viboko wanakula, sikatai. Na mafuriko ndiyo yanayoleta hilo tope. Huwezi kutaka kimoja ukakataa kingine.

fundi_pampu
Turudi kwa maji jamani. Dada, pampu ya sola ni nzuri lakini kisima karibu na bahari kina tabia yake. Maji matamu yamekaa juu ya maji chumvi, ukivuta pole pole unapata matamu, ukifunga pampu kubwa inayovuta kutwa chumvi inapanda na ikishapanda kuishusha ni kazi ya miaka. Ukienda kuangalia shamba la Sabaki onja maji ya kisima kwa ulimi, halafu tazama majani ya maharagwe na ya pilipili hoho, yakiwa yameungua pembeni kwa rangi ya kahawia wakati udongo una unyevu, hapo chumvi ishaingia, na hakuna mboji itakayookoa. Uliza kisima kiko umbali gani na mto na wanavuta saa ngapi kwa siku. Mwenye shamba asiyejua majibu hayo, hilo "kufufua" lake ni la mdomo.

jembe_jipya
Asante fundi, hilo sikulijua kabisa. Na matandazo? Babangu anasema nikiweka nyasi kavu huku kwetu naalika mchwa wamalize mahindi.

mzee_mnazi
Babako amesema kweli.

mama_mbaazi
Babake amesema nusu. Mchwa wa kawaida anakula kitu kilichokufa, kikavu. Ukifyeka ukachoma kila kitu ukaacha ardhi uchi, kile pekee kilichobaki cha kula ni mahindi yako, sasa atafanyaje? Mimi naweka nyasi mbali kidogo na shina, naacha kama kiganja, na natia majani ya mwarobaini ndani. Miaka ya kwanza walinisumbua, siku hizi nawaona kwenye nyasi wanakula nyasi zao na mimi nakula mahindi yangu. Shida halisi ya matandazo ya pwani si mchwa, ni joto. Nyasi unazoweka mvua za mwezi wa nne, ukifika mwezi wa nane hazipo, zimeyeyuka. Ndiyo maana mimi napanda mbaazi katikati. Mizizi yake inaenda chini sana, inatafuta maji mahali mahindi hayafiki, majani yanadondoka yenyewe, na inashika naitrojeni ya hewani ikarutubisha udongo. Halafu unakula na mahamri.

mzee_mnazi
Mimi mchwa wamenilia mpaka mlango. Msinifundishe mchwa.

kaskazi_kali
Mlango ni mti mkavu mzee, mama_mbaazi ndicho anachosema 😂

mama_mbaazi
Jembe jipya, sikia. Usichague kwa simu. Nenda ukayaone yote mawili kabla ya kubeba begi, nenda kama mgeni, lala siku moja ukiweza. Tazama ardhi ambayo haijapandwa kitu sasa hivi, imefunikwa au iko uchi? Fukua kwa mkono, kama mchanga unamwagika mkononi kama sukari bado hawajafufua kitu, kama unashikana na una harufu ya msituni baada ya mvua, hapo kuna kazi imefanyika. Uliza samadi inatoka wapi, na uchungulie kama kuna stoo ya dawa, manake umesikia yaliyomkuta huyu kijana. Halafu na hili usilione dogo: uliza utalala wapi na nani yuko chumba cha jirani, mlango unafungwa kwa ndani? Jitambulishe kwa mzee wa mtaa ajue uko pale, na mamako awe na namba ya mama mwenye nyumba, si ya baba.

wakili_wa_mtaani
Hiyo ya mwisho ni bora kuliko karatasi yangu.

mwanaAmu
Mimi bado nasema Hindi, kwa sababu moja. Amesema anataka kuanza shamba la kwao lililolala. Kwenu ni wapi?

jembe_jipya
Kwetu ni Langobaya. Shamba letu maji ya mto hayalifikii, tunangoja mvua.

mwanaAmu
Si nilisema! Langobaya kavu vile, utaenda kujifunza umwagiliaji Sabaki ukamwagilie na nini? Hindi wanalima kwa mvua, wana mbuzi, wana simsim. Mkorosho nao unavumilia mchanga. Hayo ndiyo utakayoyarudisha kwenu.

sabaki_chini
Lakini hana pesa ya chakula huko. Kuchuma shambani maana yake nini? Atakula korosho mbichi miezi mitatu?

fundi_pampu
Na kile chumba cha Malindi mjini hakuna hata mmoja aliyekigusa. Kodi, maji, nauli ya kila siku ya kwenda vibarua, na shamba la kibarua utaambiwa palilia hapa mpaka pale, hakuna atakayekueleza kwa nini. Hicho kifute.

jembe_jipya
Kibarua nimekifuta. Jumamosi naenda Sabaki kuonja maji 😀 Hindi nitampigia yule mama leo jioni nimuulize masaa na chakula, na kama mbuzi wanafungwa ama wanazurura. Akikubali kuandika ukurasa mmoja huenda nikampa yeye, lakini chakula bado kinanitatiza.

kaskazi_kali
Muulize mbuzi akifa nani analipa.

mzee_mnazi
Mama mbaazi, hizo mbegu zako za mbaazi ni za miezi mingapi? Zangu zinachelewa, zinatoa maua wakati jua limeshakuwa kali, zote zinapukutika.

mama_mbaazi
Ni za muda mrefu mzee, za kienyeji, ila napanda mapema na mvua za kwanza kabisa. Kuna za muda mfupi pia lakini mti wake haukui, majani ni machache. Uko upande gani nikutumie kikombe?

mzee_mnazi
Niko Gede. Nina makumbi ya nazi mengi tu hapa nyuma ya nyumba, tubadilishane.

fundi_pampu
Mzee hayo makumbi unayatupa?? Hayo yanashika maji kuliko nyasi zote na hayaozi haraka. Nina gari wiki ijayo, naweza kupitia?

mzee_mnazi
Pitia Alhamisi, ila njoo na magunia yako.