Nikimkaribia "mbweha" antena inaonyesha kila upande, tatizo nini?

Kipaza_2m: Wakuu, salaam. Kwa wanaocheza kusaka redio iliyofichwa, yaani "mbweha": kirusha chetu ni FM, 145.300 MHz, nusu wati, antena yake imesimama wima. Natumia redio ya mkononi na Yagi (antena inayopokea zaidi upande mmoja) ya vipande vitatu ya futi ya chuma. Nikiwa kilomita moja uelekeo unakuja vizuri. Nikifika kama mita 200, kipimo cha nguvu ya mawimbi kinajaa kote, hata nikimgeuzia mgongo wa antena. Nibadilishe antena?

FundiKoaksi: Antena iache, mkuu. Redio ndiyo imeshiba, mawimbi yamezidi uwezo wake wa kupima. Yagi ikiwa nzuri, nyuma inapokea kama mara mia pungufu ya mbele, ila ukiwa karibu hiyo sehemu moja ya mia nayo inajaza kipimo. Tena ganda la plastiki halizuii kitu: mawimbi yanaingia moja kwa moja kwenye saketi bila kupitia antena. Ndiyo maana kuweka rezista kwenye waya wa antena kunasaidia kidogo tu, halafu basi.

Dawa yake ni kuhamisha masafa. Tafuta osileta (saketi inayozalisha mawimbi) ya kristali ya 4 MHz, diodi 1N4148 na potenshometa (rezista ya kuzungusha), ufunge ndani ya kopo la bati kati ya antena na redio. Diodi inachanganya 145.300 na 4, unapata 149.300, na huko ndiko unakosikiliza. Kinachopenya ganda bado kiko 145.300, redio haikijali. Ukipunguza potenshometa, osileta inaisukuma diodi kidogo, na mawimbi kule 149.300 yanashuka hadi uweze kutofautisha mbele na nyuma ukiwa hatua chache tu.

Funga kabisa kitufe cha kurusha kwenye menyu. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya unamwaga wati tano kwenye diodi, na 149.300 si masafa yetu ya redio ya ridhaa. Yetu yanaishia 146.

Mtaa_wa_Pili: Wakati unasubiri vipuri, chomoa antena. Bana redio kifuani, zunguka taratibu mzunguko mzima. Pale mawimbi yanapofifia zaidi, mbweha yuko nyuma yako, maana mwili umemkinga. Wengi hapa wanakwenda mbele, wanapotea.

Bado inajaa? Sogeza masafa kilohezi 5 au 10 pembeni, au sikiliza 435.900, mara tatu ya masafa yake. Huko kirusha kinavuja kidogo sana, kwa hiyo ukimsikia ujue uko karibu. Na zima kile kipengele cha kubana betri: redio inalala na kuamka, nawe unadhani mawimbi ndiyo yanapanda na kushuka.

Kipaza_2m: Asanteni sana. Na kwenye nyumba za mabati napata mielekeo miwili, niamini upi?

FundiKoaksi: Usiamini wowote ukiwa umesimama pale pale. Nenda mahali wazi, pima, sogea mita 30, pima tena, chora yote kwenye ramani. Mistari ya kweli inakutana sehemu moja. Ule wa kwenye bati unahamahama kadiri unavyosogea.

Halafu usitafute kilele cha kipimo, mbele ya Yagi ni pana mno. Geuza kushoto hadi kipimo kianze kushuka, soma dira. Geuza kulia hadi kishuke kiasi kile kile, soma. Katikati ya hizo mbili ndiyo njia yako. Usiwe umeegemea gari wakati unasoma dira.

Bi_Masafa: Mwanangu, hakikisha na vipimo vya hiyo Yagi. Cha nyuma sm 105, cha kati vipande viwili vya sm 45 vyenye mwanya wa sm 2.5, cha mbele sm 89. Nyuma hadi kati sm 20.3, kati hadi mbele sm 31.8. Pale kwenye mwanya uwepo waya wa sm 12.7 uliokunjwa kama U, ncha zake mbili zikilehemiwa pamoja na koaksi (waya wa antena), moja kila kipande. Wengine wanausahau.

Rangi ya futi ikwangue kwa msasa hadi chuma king'ae, la sivyo risasi ya kulehemu inakaa juu juu tu na kuachia ukikwaruza kichaka cha kwanza. Na vipande vyote vishikwe wima, kwa sababu antena ya mbweha wenu iko wima. Ukivilaza, unampoteza hata kabla hujaanza kukimbia.